Wanajibu Maswali, Hawasomi

Pita kwenye meza za wauza vitabu karibu na sekondari yoyote ya mjini, wiki chache kabla ya mitihani ya taifa, uangalie kinachonunuliwa. Utakuta vijitabu vyembamba vya maswali na majibu: mitihani ya Kiingereza ya miaka kumi au kumi na miwili iliyopita, imepangwa mada kwa mada, jibu limewekwa chini ya swali. Pembeni kuna vitini vya uchambuzi wa riwaya na tamthilia teule, kila kimoja na orodha yake ya dhamira, wahusika na ujumbe. Ndivyo tunavyojiandaa na mtihani wa Kiingereza hapa Tanzania. Mwanafunzi anapiga msuli usiku na madesa yake, Jumamosi anakwenda tuisheni, anasolvu pepa, anasahihishiwa, anarudia. Bidii hiyo ni ya kweli na haistahili kubezwa na mtu yeyote, lakini inamwagwa mahali pasipoota kitu. Maswali yale yanamuuliza mwanafunzi anajua nini. Hayampi cha kujua. Kiingereza anachotakiwa kukionyesha ndani ya chumba cha mtihani hupatikana kwa kusoma maandishi mengi anayoyaelewa, kitabu baada ya kitabu, na hilo ndilo jambo ambalo maandalizi yetu yamelifuta kwenye ratiba.

Nianze na sarufi, kwa kuwa ndiko wengi wanakoamini kuwa mazoezi yanatosha. Chukua silabi moja ya Kiswahili, ile -ni tunayoibandika mwishoni mwa nomino. Kitabu kipo mezani, sukari ipo kabatini, mgeni yupo mlangoni. Kwetu hizo ni habari tatu za aina moja: kitu kipo mahali. Kiingereza kinadai vihusishi vitatu: “on the table”, “in the cupboard”, “at the door”. Mwalimu ataeleza kwamba cha kwanza ni cha juu ya kitu, cha pili ni cha ndani, cha tatu ni cha mahali tu, na maelezo hayo yatakubali kwa mifano hiyo mitatu. Kisha mwanafunzi anakutana na “on the bus”, ilhali abiria yuko ndani ya basi. Anakutana na “in the tree”, ilhali ndege yuko juu ya mti. Anaambiwa “at night” baada ya kuzoeshwa “in the morning”. Kanuni imeishia njiani. Visa vya namna hii ni maelfu, na kila swali la kujaza nafasi linamwonyesha kimoja tu, tena kikiwa kimetengwa na habari iliyokizaa. Mtoto aliyezaliwa ndani ya Kiingereza hakupewa orodha ya vihusishi. Alivisikia mara nyingi mno hadi kisicho mahali pake kikawa kinamkera sikioni. Mwanafunzi wa Newala au Singida, asiyesikia Kiingereza nyumbani wala sokoni, anaweza kuvipata kwa wingi huo kupitia maandishi tu.

Yale yale utayakuta kwenye “a” na “the”, ambavyo Kiswahili hakina. Kwenye “he” na “she”, ambao kwetu wote ni yeye. Na kwenye nyakati, ambapo “amefika jana” ya mazungumzo yetu ya kila siku inazaa “he has arrived yesterday” kwenye karatasi ya mtihani. Mwanafunzi anayekosea hapo anafikiri sawasawa kabisa katika lugha anayoijua. Anachokosa ni mazoea ya ile nyingine, na mazoea hayaji kwa kukariri.

Tupige hesabu kidogo. Kifungu cha ufahamu katika pepa zetu huwa na maneno mia mbili au mia tatu hivi. Tuseme mwanafunzi mwenye juhudi amefanya vifungu mia moja tangu kidato cha kwanza hadi cha nne. Ukihesabu kwa ukarimu, amesoma maneno 30,000. Riwaya fupi ya kurasa 130, kila ukurasa ukiwa na maneno mia tatu, ina maneno 39,000. Kwa hiyo vifungu vyote mia, kwa miaka minne, havifikii riwaya moja nyembamba. Tena amesoma vipande vipande: leo mbuga za wanyama, kesho uchafuzi wa mazingira, keshokutwa ajali za barabarani, kila kipande kikianza na msamiati wake na kuisha kabla haujarudiwa. Riwaya haifanyi hivyo. Mwandishi akishataja shamba, deni na kiapo katika sura ya kwanza, maneno hayo yatarudi katika sura ya pili, ya tano na ya kumi, mara yakiwa nomino, mara kitenzi, mara yakitoka mdomoni mwa mtu mwenye hasira. Kukutana na neno namna hiyo ndiko kulijua. Juu ya hayo hadithi ina nguvu ambayo kifungu hakina: msomaji anataka kujua kitakachotokea, na kwa ajili ya hilo ataivuka sentensi ngumu ambayo katika zoezi angeiruka.

Wataalamu wa msamiati wamejaribu kupima ni maneno mageni mangapi ambayo msomaji anaweza kuyavumilia. Mwaka 2000 Marcella Hu na Paul Nation walichapisha utafiti ambamo wanafunzi walisoma hadithi ile ile, lakini kila kundi likiwa na kiwango tofauti cha maneno yasiyojulikana. Pale ambapo neno moja katika kila matano lilikuwa geni, hakuna hata mmoja aliyeielewa hadithi ipasavyo. Ili wengi waelewe bila msaada, ilihitajika wajue maneno 98 katika kila 100. Sasa linganisha na ile orodha maarufu ya Michael West ya mwaka 1953, yenye maneno ya msingi 2,000 hivi ya Kiingereza: katika maandishi ya kitaaluma, maneno hayo huchukua takriban asilimia 80 ya ukurasa. Mwanafunzi aliyeyajua yote, jambo ambalo wengi wetu hatukulifikia tukiwa kidato cha kwanza, akifungua kitabu cha biolojia bado anasimama kwenye kile kiwango ambacho hakuna aliyeelewa.

Na ukisogea karibu utaona kwamba maneno yanayomwangusha siyo yale tunayoyahofia. “Photosynthesis” mwalimu ataliandika ubaoni, atalieleza kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, atachora jani na jua. Yanayomwangusha ni yale ambayo hakuna anayeyaeleza kwa kuwa yanaonekana madogo: “unless”, “whereas”, “despite”, “hardly”. Swali la historia likianza na “Account for”, mwanafunzi anayeijua “account” ya benki anatafuta hesabu mahali palipotakiwa sababu. Anayedhani “hardly” ni “hard” iliyoongezewa mkia atasoma kwamba mkulima alifanya kazi kwa nguvu, kumbe kifungu kimesema hakufanya karibu chochote, na majibu yake yote yanayofuata yatajengwa juu ya kosa hilo. Maneno haya hayakai kwenye orodha za visawe na vinyume zinazobandikwa ukutani. Yanakaa katikati ya sentensi, yakizifunga na kuzigeuza maana, na huzoeleka kwa kuzisoma sentensi hizo nyingi.

Ushahidi wa darasani upo, tena unatoka mahali panapofanana na kwetu kuliko London. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walifanya jaribio katika shule 12 za msingi za vijijini nchini Fiji, kwa watoto wa darasa la nne na la tano wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya pili. Shule nane zilipelekewa vitabu vya hadithi vipatavyo 250 kila moja, vingi vyenye picha. Shule nne ziliendelea na utaratibu uliozoeleka wa kurudiarudia miundo ya sentensi. Katika baadhi ya zile zilizopata vitabu, watoto walisoma kimya kimya kila siku, kama nusu saa hivi; katika nyingine mwalimu aliwasomea na kuzungumza nao kuhusu hadithi. Baada ya miezi minane, watoto wa vitabu walikuwa wakisonga mbele katika kusoma kwa kasi ya karibu mara mbili ya kawaida. Jaribio lilipoendelea mwaka wa pili, faida ilienea hadi kwenye kuandika na kwenye sarufi. Hapo kwenye sarufi naomba kila mkuu wa shule asome mara mbili. Waliokuwa wakifanyia mazoezi miundo ya sarufi ni wale wengine, na bado waliokuwa wakisoma hadithi ndio waliofanya vizuri zaidi kwenye sarufi hiyo. Singapore, nchi ambayo haina mzaha na mitihani, ilianza mwaka 1985 mpango wake wa kufundisha Kiingereza katika madarasa ya mwanzo kwa vitabu vya hadithi, ukaenezwa shule kwa shule.

Wala Tanzania haikukosa kuambiwa. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd waliandika ripoti kuhusu ufundishaji wa Kiingereza na matumizi yake kama lugha ya kufundishia nchini, wakakuta kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawana Kiingereza cha kuwawezesha kusoma masomo yao. Kilichofuata, katika nusu ya pili ya mwongo ule, ni mradi uliofadhiliwa na Uingereza ambao ulipeleka shuleni vitabu vya hadithi vya Kiingereza chepesi, vilivyopangwa ngazi kwa ngazi. Wazo lenyewe lilikuwa la zamani. Michael West, yule wa orodha, alilifikia akiwa mkuu wa chuo cha ualimu huko Dhaka katika miaka ya 1920. Aliona watoto wa Bengal wakiacha shule mapema na kubaki na Kiingereza kisichowafaa kwa lolote, akaamua kwamba uwezo wa kusoma ndio utangulie, akaandika vitabu ambamo maneno mapya yanaingia machache machache na kurudiwa katika kurasa zinazofuata. Mradi wa kwetu ulikuwa na muda wake, na muda ulipokwisha fedha nazo zikakoma. Vitabu huchakaa na hupotea, na visiponunuliwa vingine kabati hubaki na vumbi. Mwaka 2010 tathmini ya kusoma iitwayo Uwezo ilionyesha kuwa takriban nusu ya watoto wanaomaliza elimu ya msingi hawakuweza kusoma hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha darasa la pili. Hao ndio walioingia kidato cha kwanza na kukabidhiwa vitabu vya masomo karibu yote kwa Kiingereza. Kijitabu cha maswali kilipenya hapo, kwa kuwa ni rahisi, kinachapwa upesi, na kinaahidi alama.

Cha kusikitisha ni kwamba mtihani wenyewe unadai usomaji. Kidato cha nne kuna sehemu ya fasihi, na kwa miaka mingi orodha ya vitabu teule imebeba kazi nzuri: Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong’o, Unanswered Cries ya Osman Conteh, Passed Like a Shadow ya Bernard Mapalala, tamthilia ya Three Suitors: One Husband ya Guillaume Oyônô Mbia. Wa kidato cha pili wamekuwa wakipewa Hawa the Bus Driver na Mabala the Farmer za Richard Mabala. Mtoto wa Kitanzania anaviingia vitabu hivi bila kuhitaji mwenyeji, kwani vinazungumzia ardhi iliyoporwa, mahari, ukeketaji, UKIMWI na maisha ya mjini, mambo anayoyasikia nyumbani kwao. Lakini wengi hawavifungui. Wanapewa kitini cha kurasa nane, wanajifunza kwamba dhamira ni tano na nafasi za mwanamke ni nne, wanaandika insha. Insha hiyo itamwita Njoroge wa Weep Not, Child “ambitious” na kuishia hapo. Aliyesoma kitabu anamkuta Njoroge kwenye kurasa za mwanzo kabisa, mama yake akimuuliza kama angependa kwenda shule, na mtoto anashikwa na furaha na hofu kwa pamoja, kwa sababu anaujua umaskini wao. Huyo akiulizwa juu ya matarajio ya Njoroge ana tukio la kusimulia, na ana Kiingereza cha kulisimulia kwa sababu amekisoma pale pale. Kitini kimempokonya mwenzake maneno elfu arobaini, kikamwachia machache. Jirani zetu Kenya hawako mbali na hali hii: karatasi ya tatu ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, inahoji vitabu teule, na soko la miongozo yake limestawi vilevile.

Najua pingamizi la kwanza, nalo ni la haki. Mtihani una umbo lake, na anayeingia bila kulifahamu hupoteza alama hata kama Kiingereza anacho. Naongeza hata hoja ambayo wauza vijitabu wenyewe huwa hawaitaji: mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba waliosoma maandishi kisha wakajipima kwa kuyakumbuka walibaki nayo kichwani baada ya wiki moja kuliko waliosoma tena na tena bila kujipima. Kujipima kunafundisha, sibishi. Ila waliojipima walikuwa wamekwisha kusoma kitu. Mwanafunzi wetu anajipima juu ya asichosoma, kisha anakariri herufi ya jibu. Pepa zina mahali pake: wiki za mwisho, nne au tano, zifanywe kwa muda kamili na kwa kimya, zisahihishwe kosa kwa kosa hadi mwanafunzi aeleze mwenyewe kwa nini alikosea. Zikianza kidato cha kwanza, zinakula muda ambao kitabu kingetumia. Ndiyo maana tuna wanafunzi wanaoweza kuigeuza sentensi ya “as soon as” kuwa ya “no sooner” na “than” bila kukosea hata nukta, na hawawezi kuandika aya mbili za barua ya kuomba kazi.

Wengine watasema sarufi lazima ifundishwe waziwazi, haiwezi kuachwa iokotwe njiani. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Mwaka 2000 John Norris na Lourdes Ortega walikusanya matokeo ya tafiti nyingi za ufundishaji wa lugha ya pili, wakakuta kwamba kufundisha kanuni waziwazi kunasaidia kuliko kuziacha zijitokeze. Walitahadharisha pia kwamba tafiti nyingi zilipima kwa maswali yanayofanana na mazoezi yaliyofundishwa, na hapo ndipo penye mkasa wetu, maana anayefundishwa kujaza nafasi hujua kujaza nafasi. Mwalimu afundishe. Aeleze wakati timilifu wa Kiingereza na kwa nini “amefika jana” haiwezi kuvuka hivi hivi. Kisha awape wanafunzi sura ya kitabu, wausake muundo huo mle ndani, waone mwandishi aliutumia kusema nini. Kanuni iliyofundishwa Jumatatu ikikutwa mara ishirini kwenye hadithi kabla ya Ijumaa, inakaa.

Kuna kundi linaloamini kwamba dawa ni kubadili mtihani: ukibadilika, walimu watabadilika. Sri Lanka walijaribu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walileta mtihani mpya wa Kiingereza wa kumaliza sekondari ya chini, uliotungwa ili usukume ufundishaji wa lugha ya matumizi halisi. Dianne Wall na Charles Alderson walifuatilia madarasa kwa miaka kadhaa, na mwaka 1993 wakaandika walichokiona: mtihani ulibadilisha kinachofundishwa, haukubadilisha namna kinavyofundishwa. Sioni kwa nini kwetu ingekuwa tofauti. Mtihani mpya utazaa kijitabu kipya.

Pingamizi zito ni la vitabu. Darasa lina wanafunzi sabini, chumba cha maktaba kimegeuzwa ghala la madawati mabovu, na mwalimu wa Kiingereza ana nakala moja, yake mwenyewe. Hali hiyo ipo na siipuuzi. Lakini usomaji ninaousemea hauhitaji nakala sabini za kitabu kimoja. Unahitaji vitabu arobaini tofauti, vyembamba, hata vilivyochakaa, vinavyozunguka mkono kwa mkono, kila kimoja kikiwa na karatasi ya majina ndani ya jalada. Sehemu ya fedha ambazo wazazi hutoa kwa tuisheni na kurudufu pepa ingeweza kuanzisha sanduku hilo, na lingetumika miaka. Bodi ya Huduma za Maktaba ina maktaba katika mikoa mingi, na Maktaba Kuu ya Taifa aliyoifungua Mwalimu Nyerere mwaka 1967 bado iko wazi pale Dar es Salaam. Kwenye simu, African Storybook wanatoa hadithi bure kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, nyepesi vya kutosha kwa anayeanza kidato cha kwanza. Gazeti la Kiingereza la juzi, Daily News au The Citizen, lina habari ya mechi ya Simba na Yanga ambayo kijana aliyeshindwa na kifungu cha jiografia ataisoma hadi mwisho, kwa sababu anajua tayari nani alifunga na dakika ya ngapi, na maneno asiyoyajua anayakisia kutokana na anachokijua. Hiyo ni stadi ile ile ya ufahamu inayotahiniwa.

Na wanaosema kwamba walimu wenyewe Kiingereza kinawasumbua wanatoa sababu ya kuongeza vitabu. Katika mazoezi ya kanuni, mwanafunzi hana chanzo kingine ila mwalimu. Akikosea mmoja, wamekosea sabini. Kitabu kilichohaririwa vizuri kinampa mwanafunzi maelfu ya sentensi sahihi bila kumvunjia mwalimu heshima. Mwalimu naye akisoma pamoja nao dakika kumi na tano za mwanzo wa kipindi cha dakika 40, Kiingereza chake kinakua.

Watakuwapo wasomaji wanaoona kwamba nimeuzunguka mzizi, yaani lugha ya kufundishia. Tangu mwaka 1967 shule zetu za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, kisha sekondari mtoto anageuziwa lugha. Watafiti kama Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Birgit Brock-Utne wa Norway wameeleza kwa miaka mingi madhara ya kumfundisha mtu kwa lugha asiyoielewa, na naona haki iko kwao: anayefundishwa jiografia kwa maneno asiyoyajua ananyimwa jiografia na Kiingereza kwa pamoja. Lakini hata siku Kiswahili kitakapoingia sekondari, Kiingereza kitabaki kuwa somo, kitatahiniwa, na kitahitajika kwenye vitabu vya chuo na kwenye kazi nyingi. Siku hiyo usomaji utahitajika zaidi, kwa sababu masomo mengine hayatampa mwanafunzi hata kile Kiingereza kidogo anachookota sasa. Kiswahili chenyewe ni mtaji katika jambo hili. Jim Cummins wa Canada amekuwa akieleza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba uwezo wa kusoma uliojengwa katika lugha moja huvuka kwenda katika nyingine. Kijana aliyesoma Kusadikika ya Shaaban Robert au Kuli ya Adam Shafi hadi ukurasa wa mwisho ameshajifunza kuvumilia sura isiyoeleweka mara moja, kufuatilia nani anasema na kwa nini, kukisia maana ya neno gumu. Anayavusha hayo yote kwenda kwenye Kiingereza. Anayeanza kusoma kitabu kizima kwa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na saba, tena kwa lugha ngeni, amebeba mizigo miwili kwa pamoja.

Kwa walio kidato cha nne mwaka huu, miezi iliyobaki inatosha kusoma vitabu teule vyote kwa ukamilifu, na nawasihi wafanye hivyo kabla hawajagusa kitini. Kwa wa kidato cha kwanza na cha pili, nafasi bado ni kubwa: kurasa tano kwa siku ni zaidi ya kurasa elfu moja na mia nane kwa mwaka. Mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kulisimamia hili. Amwambie mtoto amsimulie kwa Kiswahili alichosoma leo, nani alifanya nini, na anadhani kesho kitatokea nini; asiyesoma hatakuwa na la kusimulia. Na kwenye kikao kijacho cha wazazi, kabla hamjajadili mchango wa kambi ya kidato cha nne, ulizeni ufunguo wa kabati la vitabu anao nani, na linafunguliwa siku gani.